Fomu Haimjui Mathe

Nani ni familia yako? Una mpaka Ijumaa saa kumi na moja jioni kujibu. Ukichelewa, watu wa HR watatuma majibu yako ya mwaka jana kwa kampuni ya bima, nawe utangoja miezi mingine kumi na miwili kabla hujaulizwa tena.

Hivyo ndivyo msimu wa bima unavyowafikia wale wachache wa mitaa yetu walio na kazi ya barua. Fomu inakuja. Juu kuna jina lako na nambari ya kazi. Chini yake kuna herufi M, alama ya kujumlisha, halafu nambari. M ni wewe, mwanachama. M+1 ni wewe na mume ama mke. M+2, mmepata mtoto. M+3, wamekuwa wawili. Kisha vinafuata viwango: pesa za kulazwa, pesa za kutibiwa na kurudi nyumbani, uzazi, meno, macho, mazishi. Unatia alama, unaambatisha vyeti vya kuzaliwa, unatia sahihi, unarudi kazini.

Watu huumia kichwa na viwango. Niko na dada anayefanya hesabu kwenye ghala moja huko Industrial Area, na kila mwisho wa mwaka ananiita tukae na hiyo karatasi, kwa sababu mimi ndiye wa kusoma maandishi madogo kwetu, hata kama chuo niliacha mwaka wa tatu. Tunapima. Pesa za kutibiwa nje zitafika Julai ama zitaisha Aprili watoto wakishikwa na kikohozi cha baridi? Miwani itabadilishwa mwaka huu ama itafungwa na uzi tena? Achukue kiwango cha chini abaki na mshahara, ama cha juu kampuni imkate tofauti? Hayo ni maswali ya maana, na mtu mwenye akili huyakalia jioni nzima.

Lakini uchaguzi mkubwa kuliko yote kwenye hiyo fomu huwa umeshafanywa kabla haijafika mezani, na dada yangu hakuulizwa. Umefanywa pale palipoandikwa neno mtegemezi. Kwa fomu, mtegemezi ni mume, mke, ama mtoto wako. Mama yako si mtegemezi. Baba yako si mtegemezi. Ndugu yako aliye kidato cha tatu, unayemlipia karo, unayemnunulia viatu, anayelala kwenye kochi lako, si mtegemezi. Mtoto wa marehemu dada yako uliyemlea tangu akinyonya, naye si wako mpaka ulete karatasi za korti.

Nasema hili wazi: hiyo fomu ni ya uongo. Inauliza kuhusu familia, halafu inakupa nafasi ya kuandika familia ya mtu mwingine. Na kwa sababu inakuja na tabasamu na tarehe ya mwisho, tunaijaza kila mwaka bila hata kuguna.

Tembea Jericho, Maringo, Mbotela, Umoja, Kayole, Dandora, uulize kwenye mlango wowote nani anakula hapa. Utahesabiwa nyanya, mjomba aliyeachishwa kazi, binamu aliyetoka ushago kutafuta kazi, watoto wa nyumba mbili. Uliza nani analeta pesa. Utaonyeshwa mtu mmoja, ama wawili. Huyo mmoja ndiye mwenye hiyo fomu. Mtu mzima ofisini anamwona ni M+0, mfanyakazi asiye na jukumu, kijana wa raha. Mtaani yeye ni M+7, na hajaoa bado.

Mtaa wetu unaijua hii hesabu tangu zamani. Nyumba nyingi za kale za Eastlands, zile za halmashauri na za reli, zilijengwa na watu walioamini kwamba Mwafrika aliye mjini ni mtu mmoja. Alihesabiwa kitanda. Mke na watoto walikuwa huko nyumbani, shambani, na chakula chao kilikuwa shida ya shamba. Mshahara wake ulipangwa kwa hesabu hiyohiyo: unga wa kapera, blanketi la kapera, chumba cha kapera. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni yenyewe, ile iliyoongozwa na Carpenter kuchunguza mishahara ya Waafrika, ilikiri kwamba kima cha chini kilikuwa kimepimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na familia, na ikapendekeza kiinuliwe pole pole hadi kiwe mshahara wa mtu mwenye familia. Yaani hata mkoloni, akisukumwa na migomo na hofu, aliishia kukubali kwamba mfanyakazi ana watu.

Sasa angalia miaka 70 baadaye. Kapera amepandishwa cheo: ameruhusiwa mke na watoto wawili. Huo ndio urefu wote tulioenda. Familia iliyokubaliwa kwenye fomu ni ya picha ya kalenda: baba, mama, kijana, msichana, wote wana meno meupe. Waliowalea hao baba na mama hawamo kwenye picha. Labda ndio waliokuwa wakipiga.

Utaniambia hayo ni mambo ya bima za kibinafsi, biashara ya watu, na kwamba serikali iko na bima ya wote. Haya, twende huko.

NHIF ilianza mwaka 1966 na ikafa tukiiona. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaingia mahali pake, kwa nguvu ya sheria iliyotiwa sahihi Oktoba 2023, baada ya Mahakama Kuu kuibatilisha Julai 2024 na Mahakama ya Rufaa kuiruhusu iendelee Septemba huohuo. Mwenye mshahara sasa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na asiyekuwa na mshahara analipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Nitasema ukweli hata kama haunisaidii kwenye ubishi: kwa anayelipwa kidogo, makato yalishuka. Wa shilingi 20,000 alikuwa akikatwa 750 na NHIF, sasa anakatwa 550. Wa 100,000 alikuwa anakatwa 1,700, sasa ni 2,750. Kwa hapo walioandika sheria walifikiri.

Halafu wakaacha kufikiri. Kwanza, mwajiri hakuombwa chochote. Kwa NSSF mfanyakazi akitoa, mwajiri naye anatoa sawa. Kwa ushuru wa nyumba, mfanyakazi anatoa asilimia 1.5 na mwajiri asilimia 1.5. Ikifika afya, mwajiri anakata kwako, anapeleka, anarudi kwa kiti. Sote tumekubali kwamba bosi achangie ukuta ambao pengine hutawahi kuulalia, lakini mgongo wako anaoutumia kila siku asiuchangie hata ndururu.

Pili, mama yako hayumo. Unakatwa kila mwezi, unamsajili mwenzi, unawasajili watoto, na mzazi wako anajisajili peke yake kama nyumba yake mwenyewe, kwa malipo yake mwenyewe. Mathe wangu aliuza viazi karai miaka mingi kando ya barabara, na leo mkono wake wa kushoto hauwezi kushika kisu. Mapato yake ni sisi. Akibonyeza *147# na kujibu yale maswali ya paa la nyumba ni la nini na choo ni cha namna gani, mwisho wake anaambiwa kiasi cha kulipa, na sheria ilipoanza ilimtaka mtu kama yeye alipe mwaka mzima kwa mkupuo. Nani atalipa? Dada yangu. Yule yule ambaye tayari amekatwa. Kwa hivyo familia moja, mfuko mmoja, inalipa mara mbili kwa sababu karatasi imeikata vipande viwili.

Tatu, na hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kodi nayo iko kwenye njama. Sheria ya kodi ya mapato inakupa nafuu ukinunua bima ya afya: asilimia 15 ya unacholipa, isiyozidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Nafuu hiyo ni kwa bima yako, ya mwenzi wako, ama ya mtoto wako. Ukimnunulia mama yako bima, kwa pesa zako, jasho lako, serikali inakuangalia kama mtu aliyenunua televisheni.

Sasa fungua Katiba ya 2010, ile tuliyoipigia kura. Kifungu cha 57 kinasema wazee wana haki ya kutunzwa na kusaidiwa ipasavyo na familia zao na Serikali. Familia zao! Kwa hivyo siku ya jukumu, mama ni familia yangu, na Katiba inanikumbusha. Siku ya bima, mama si familia yangu, na fomu inanisahihisha. Siku ya kodi, hawanijui mimi wala yeye. Wachague moja. Kama yeye ni wangu wakati wa kulipa, awe wangu wakati wa kutibiwa.

Kwa kuwa karatasi zote zimewakana, wazee wetu wana bima nyingine. Unaijua, uko ndani yake sasa hivi. Inaanza na ujumbe saa tano usiku: umeongezwa kwenye kundi la WhatsApp, Friends of Mama Fulani, Medical Appeal. Kuna picha ya mgonjwa ya siku nzuri, ya harusini. Kuna Paybill. Kuna mweka hazina, kwa kawaida ni mtu wa kanisa. Kuna orodha inayonakiliwa kila mtu akituma: nambari 14, 500, nambari 15, 1,000, nambari 16, 200, Mungu atutendee. Wengine wanatoka kwenye kundi kimya kimya asubuhi, na sote tunaona. Ikishindikana, watu wanakodi ukumbi, wanapika pilau, wanamwalika MCA, anatuma mtu na bahasha.

Msinichukulie vibaya. Harambee imetuzika na kututibu tangu mababu, na mimi sitaitukana. Lakini tuite kitu kwa jina lake. Hiyo ni bima. Ina wanachama, ina malipo, ina mdai. Tofauti ni kwamba inakusanywa baada ya mtu kuanguka badala ya kabla. Inamlipa anayejulikana na watu wengi na kumwacha mpole asiye na marafiki. Na inalipwa na walewale wenye mishahara midogo ambao mwajiri wao na serikali yao wamesema mgonjwa si wao. Kila bili inayochangwa Kayole na Buruburu ni deni ambalo mtu fulani mwenye uwezo alikwepa, likateremka ngazi mpaka likafika kwa mama mboga anayetuma 50.

Na bili ikikosa kuchangwa? Mwaka 2015 Mahakama Kuu ililazimika kutamka kwamba kuwazuilia wanawake wawili waliojifungua katika hospitali ya Pumwani, hapo kwetu, kwa sababu hawakuwa na pesa za kulipa, kulivunja haki zao. Ilibidi mpaka jaji aseme. Hapo ndipo maandishi madogo hutufikisha.

Najua jibu la watu wa bima. Nimelisikia kutoka kwa ajenti mmoja, kijana mpole mwenye tai, na si jibu la kijinga, kwa hivyo nitalipa nafasi. Anasema wazee ni ghali. Presha, sukari, figo, saratani, kiharusi, vyote huja na umri. Ukiruhusu kila mfanyakazi aweke mzazi, kila mmoja ataleta yule aliye mgonjwa, wenye wazazi wazima watabaki na watoto, na mfuko utakauka kabla ya Agosti. Malipo yatapanda, kampuni itakimbia, na mwishowe hata wale watoto watakosa.

Hesabu yake ni sahihi kama kuingia ni hiari ya mtu mmoja mmoja. Ndiyo maana haifai kuwa hiari ya mtu mmoja mmoja. Bima maana yake ni wazima kuwabeba wagonjwa, hakuna maana nyingine. Ukiweka wazazi wa wafanyakazi wote wa kampuni kwenye mfuko mmoja, utapata mzee wa kiharusi, ndiyo, lakini utapata pia yule mzee wa miaka 68 anayelima mpaka jioni na hajui rangi ya mlango wa hospitali. Ajenti huyohuyo anajua hili, kwa sababu ndivyo anavyowahesabu watoto. Hakuna anayesema watoto waondolewe kwa sababu wanaugua kila mwezi.

Tena si ndoto. Vuka Namanga tu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, ukianzia na watumishi wa serikali. Makato yaliwekwa asilimia 6 ya mshahara: 3 za mfanyakazi, 3 za mwajiri. Na mwanachama alihudumiwa yeye, mwenzi wake, na wategemezi hadi wanne, ambao wangeweza kuwa watoto, ama wazazi, ama hata wakwe. Wakwe, bana! Mfuko huo umekuwa na shida zake kama mifuko yote, na Watanzania watakuambia wenyewe. Lakini aliyeandika ule mstari alikuwa amewahi kuishi katika nyumba ya Kiafrika. Alijua ni nani hukaa sebuleni.

Nenda mbali zaidi, India. Sheria yao ya bima ya wafanyakazi ya mwaka 1948, waliyoitunga uhuru ukiwa mpya, iliwahesabu wazazi wanaomtegemea mfanyakazi kuwa familia yake. Tangu 2019 mwajiri huko analipa asilimia 3.25 ya mshahara, mfanyakazi asilimia 0.75. Soma tena hizo nambari halafu utazame karatasi yako ya mshahara. Na kwenye kodi ya mapato, anayemlipia mzazi wake bima anaweza kupata nafuu ya ziada, inayokuwa kubwa zaidi kama mzazi ni mzee. Hao si matajiri kutuzidi kwa kila kitu. Waliamua tu kwamba mama ni mtu wa familia, wakaliandika.

Kuna jambo lingine ambalo hata asiyejali wazazi wa watu anafaa kulijali, na hilo ni mshahara. Bima ya kazini ni sehemu ya malipo ya kazi, si zawadi ya Krismasi. Chukua wafanyakazi wawili wa ghala moja, meza moja, kazi moja. Mmoja ameoa na ana watoto wawili. Kampuni inamlipia M+3. Mwingine ni msichana wa miaka 27 asiye na mtoto, anayemlisha mama na ndugu wawili. Kampuni inamlipia M peke yake. Hesabu midomo: kila mmoja ana mitatu zaidi ya wake. Hesabu pesa: mmoja analipiwa watu wanne, mwingine mtu mmoja. Huyu wa pili analipwa kidogo kwa kazi ileile, na kosa lake ni kwamba watu wake walimtangulia kuzaliwa ama walizaliwa pamoja naye. Mwajiri akipunguza mshahara wa mtu kwa sababu hajaolewa tutapiga kelele mpaka redioni. Akifanya hivyo kwa kupitia fomu ya bima, tunasema asante kwa cover.

Kuna kampuni zinazoruhusu wazazi, najua. Nyingi zinafanya hivyo kwa malipo yako mwenyewe juu ya mengine, kwa kikomo cha umri, na kwa muda wa kungoja kabla ugonjwa wa zamani haujagharamiwa. Yaani mama anakaribishwa kama mgeni anayelipa kiingilio, akiwa na miaka isiyozidi waliyoiandika, na akiwa hajaugua bado. Ni afadhali kuliko bure. Lakini kitu unachonunua mwenyewe dukani si marupurupu ya kazi, hata kama duka liko ndani ya ofisi.

Na kabla hujasema mimi napigania wenye kazi tu: mimi sina hiyo fomu. Naandika kwa kibarua, makala moja moja, nalipwa na M-Pesa wakikumbuka. Wengi wa rika langu hapa mtaani ni hivyo. Wa boda, wa saluni, wa kupakia mizigo Gikomba, wa kandarasi ya miezi mitatu inayofanywa upya kila mara ili asifike mahali pa kudai kitu. Hatuna HR, hatuna Ijumaa ya mwisho. Sasa fikiria maana yake. Katika nyumba ya watu wanane ambayo saba wako kama mimi, yule mmoja mwenye fomu ndiye daraja pekee la wote. Ukimfungia mlango yeye, umetufungia sisi saba. Ndiyo maana ubishi kuhusu mstari mmoja kwenye karatasi ya ofisi ni ubishi wa mtaa mzima. Huwezi kusema mstari huo ni wa walionacho wakati walionacho ndio wanaotulipia sindano.

Mathe wangu alipopata kiharusi, hospitali ilitaka pesa kwanza. Dada yangu alikuwa na kadi ya bima mfukoni, mpya, inang'aa, yenye pesa za kulazwa ambazo hakuna mtu kwetu amewahi kuziona kwa macho. Kadi ilikuwa yake na ya watoto wake wawili, wote wazima. Tukauza vitu, tukafungua kundi, karo yangu ya muhula ikaenda huko pia, na ndivyo mwaka wa tatu ulivyoishia. Siombi huruma, kila ploti iko na hadithi kama hii. Naieleza ili ijulikane pesa zilikuwepo. Zilikuwa zimelipwa, zimewekwa, zimeandikwa jina. Mwaka ukaisha, zikarudi kuwa sifuri bila mtu kuzigusa, huku mgonjwa akiwa ndani ya nyumba ileile.

Kwa hivyo madai yangu ni matatu, na yote yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja.

La kwanza: idadi ibaki, majina yawe yetu. Kama kampuni imekubali kulipia watu watatu zaidi ya mfanyakazi, mfanyakazi aseme ni akina nani. Mke na mama na mtoto. Mama na ndugu wawili. Nyanya na mtoto wa marehemu. Ushahidi uwe barua ya chifu ama kiapo, jinsi tunavyothibitisha mambo mengine makubwa kuliko haya. Na anayebaki M+0 kwa sababu hajaoa apewe nafasi sawa na mwenzake.

La pili: SHA imruhusu mchangiaji mwenye mshahara kumweka mzazi asiye na mapato chini ya malipo yake, na mwajiri aanze kuchangia kama anavyochangia kwa nyumba na pensheni. Pesa za huyo mwajiri ndizo za kumlipia huyo mzazi. Na wabunge wanapogusa sheria za kodi, maana huzigusa kila mwaka, waongeze neno moja baada ya mtoto: mzazi.

La tatu ni letu, halingoji bunge. Mkataba wa bima ya kampuni hufanywa upya kila mwaka. Wiki kadhaa kabla ya fomu kufika kwako, kuna mtu wa HR, dalali wa bima na mkurugenzi wa fedha wamekaa wakikubaliana. Hapo ndipo neno mtegemezi linaandikwa. Usingoje Ijumaa ya mwisho ndiyo uanze kulalamika kwenye kochi. Ulizeni mkataba unaisha lini. Pitisheni karatasi miezi miwili kabla, kila mtu aandike watu anaowalisha kwa kweli, majina na umri. Walio na chama cha wafanyakazi waiingize kwenye mazungumzo ya mkataba wa pamoja, pale pale penye mishahara na likizo. Wasio na chama waende watano, wasiende mmoja. Mmoja ataambiwa hiyo ni sera ya kampuni. Watano wataulizwa mnataka iandikweje.

Na ikishindikana yote, fanyeni jambo moja dogo. Mwaka huu fomu ikija, chini ya watoto, pale ambapo hakuna mstari, chora mstari. Andika jina la mama yako kwa kalamu, na umri wake, na ugonjwa wake. Watalikata, ndiyo. Lakini mtu wa kulikata itabidi kwanza alisome.